Dola Mbili Kwenye Tope la Ndiva

Mimi, Naetwe binti Kateri, ndiye mtu pekee duniani aliyezishinda dola mbili kubwa kwa neno moja, tena kabla ya chai ya saa nne. Kusema kweli neno lenyewe lilinitoka kwa makosa, na chai nilikuwa nimeshakunywa. Lakini mengine yote ni kweli tupu, isipokuwa pale nitakapochoka.

Kila Jumapili tukitoka ibadani, mimi na wifi yangu Nakijwa, dada wa marehemu mume wangu, tulikuwa tunapanda hadi Jiwe la Simu. Liko ukingoni mwa kijiji chetu cha Kwasenge, Upareni juu kabisa, kule ambako ukungu huingia ndani bila hodi na kukaa kwenye kiti chako. Hapo ndipo pekee mnara wa zamani wa taifa ulipotufikia. Ulikuwa wa mwisho wa ukoo wake, uliobaki tangu enzi ambazo simu yoyote ilisikia simu yoyote.

Enzi hizo zimekwisha. Dola mbili zilizokuwa zikishindana kuijengea dunia mitandao zilichoka kushindana, zikagawana. Moja hurusha maneno kutoka angani, nasi tunawaita Wa Juu. Nyingine imelaza mikongo yake ardhini na baharini, nao ni Wa Chini. Simu ya Juu haisikii simu ya Chini. Ndugu yako akiwa upande ule ni kama amehamia mwezini, na hata mwezini siku hizi ni kwa Wa Juu.

Binti yangu Nietiwe yuko nchi ya Juu, anauguza wazee wa watu wakati mzee wake yuko huku anajikanda magoti mwenyewe. Mwana wa Nakijwa, Senkondo, yuko nchi ya Chini, kwenye kiwanda cha mabehewa. Mwezi wa pili chuma kilimwangukia mguuni, akalazwa kwenye chumba ambacho hakuna hata mmoja anayejua kusema pole kwa Kiswahili. Kwa hiyo pale jiweni mimi nilikuwa naongea kwanza, Nakijwa anafuata, maana mnara ule ulibeba mtu mmoja mmoja kama punda aliyezeeka.

Jumapili ninayoisema, Nietiwe aliniambia tumbo limeshuka. Alikuwa na miaka arobaini na moja na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza kukaa. Nilimwambia asinyanyue vitu, akaniambia wazee wa kule ndio vitu vyenyewe, tukacheka. Nikampa Nakijwa simu. Hajamaliza hata salamu, sauti ya mnara ikaingilia kati, ikatangaza kwa adabu kwamba mnara utazimwa tarehe thelathini, na baada ya hapo kila kijiji kitakuwa cha Juu au cha Chini kadiri kitakavyochagua.

Tulishuka. Karibu na kanisa Nakijwa akasema, "Wifi, sasa wa kuchagua ni wewe."

*

Alisema hivyo kwa sababu mimi ni mtunza zamu wa ndiva.

Ndiva ni bwawa. Mababu zetu walilichimba kwa mikono na kulikinga kwa mawe na udongo. Usiku linajaa maji ya chemchemi, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka mferejini mpaka kwenye mashamba ya tangawizi na maharage, leo kwako, kesho kwangu. Anayesema leo ni kwa nani ni mtunza zamu. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, Nakijwa akiwa msaidizi wangu. Walinichagua kwa kuwa wanaume wawili waliokuwa wakiigombea walivunjana meno, na waliobaki na meno hawakupenda kuyapoteza.

Sasa, maghala ya dola hizi, yale yanayohifadhi maneno yote ya dunia, yana joto kama tanuri la matofali. Yasipopozwa mara kwa mara kwa maji baridi, yanaungua. Na maji ya ndiva yetu yanang'ata fizi. Zaidi ya hayo, tumekaa juu ya safu inayotazama nyika yote mpaka upande wa bahari. Mwenye ghala Kwasenge, nilikuja kuambiwa, ameshika nusu ya Afrika Mashariki kwa mkono wa kushoto, na wa kulia bado anakunia kichwa.

Kunyang'anya hawawezi. Waliwahi kufikia kuelekezeana silaha kwa ajili ya kisiwa kimoja na mkongo wake, wakatishika wenyewe, wakatunga Sheria ya Sauti. Hakuna atakayejenga popote ila kwa neno la mdomo la mwenye mamlaka ya mahali hapo, kwa lugha yake, likisikiwa na mashine za pande zote mbili. Mashine zikikubaliana maana, basi. Na dola itakayokaidi neno moja inapoteza vijiji vyote ilivyopata kwa njia hiyo, na kila moja inavyo maelfu.

Mashine hizo zinaitwa Sikio. Zilifika Jumatatu.

Sikio la Juu lilikuja likielea, ukubwa wake kama kunguru, nyuma yake Hezroni, kijana wa Kichaga aliyevaa viatu vyeupe, jambo lililonionyesha kwamba hakuulizia habari za kwetu kabla ya kupanda. Sikio la Chini lilikuja likitambaa kama kobe, likiongozwa na Bi Shufaa, Msambaa wa Mlalo, mwenye kanga mbili na macho ya mtu anayejua bei ya kila kitu sokoni. Wote wawili waliniamkia kwa pamoja. Masikio nayo yakasema shikamoo. Nikajibu marahaba kwa wote wanne, maana sijui mashine zinazeeka namna gani, na sitaki kulaaniwa na kobe.

Hezroni alianza kwa kunisifu. Alisema hakutegemea kumkuta bibi mwenye umri wangu bado binti hivi. Nikasonya.

Kunguru lake likageuka hewani. "Neno hili halimo kwenye kamusi yangu," likasema. "Tafadhali endeleeni."

Likamtazama Hezroni, aliyekuwa akitazama viatu vyake. Likamtazama Bi Shufaa, aliyeziba mdomo kwa kanga huku mabega yakimcheza. Kobe naye akainua shingo. Baada ya muda yakasema kwa pamoja, "Maana imepatikana. Msikilizaji amedharauliwa, na wote waliopo wanaona amestahili."

Bi Shufaa aliponieleza nilimpenda kidogo, ingawa alikuwa anafanya kazi yake. Alisema ndivyo yanavyofanya kazi. Neno lililomo kamusini, kama ndiyo, sawa, haya, siyo, yanalichukua lilivyo. Neno lisilomo, yanatazama watu wanafanya nini likishasemwa, na hicho wanachofanya ndicho maana yake.

"Na maana ikishapatikana, bibi, ndiyo sheria," akasema. "Kwa hiyo Jumamosi, mbele ya watu, utajibu neno moja tu. Juu, au Chini. Usituchanganyie mboga."

*

Alhamisi asubuhi nilikuwa shambani nachimba tangawizi, Hezroni akaja peke yake na kunguru lake. Safari hii alivaa ndala. Hakunisifu. Aliniuliza tu kama ningependa kusikia Juu kunavyosikika, si kule kukohoa kwa mnara.

Kunguru likatua kwenye tuta. Nikamsikia Nietiwe akisema "Mama?" kana kwamba ameinama upande wa pili wa majani ya tangawizi. Nikageuka kumtafuta, mjinga mimi. Nilisikia anavyovuta pumzi. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe mezani kwake. Kisha akasema, "Ngoja nikusikilizishe mtu," akasogeza kitu tumboni, na pale katikati ya shamba langu ukaanza kupiga moyo mdogo, upesi upesi, kama mtu anayetwanga huku anachelewa safari.

Nilikaa chini. Mkono ulikuwa na udongo, nao ndio niliojifutia uso, kwa hiyo Hezroni alimwona bibi mwenye masharubu.

Akanieleza polepole. Mtoto anategemewa wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Mnara utakuwa umezimwa. Kijiji kikiwa cha Juu, moyo ule nitausikia kila siku, kisha kilio, kisha jina langu likisemwa vibaya vibaya na mdomo usio na meno. Kijiji kikiwa cha Chini, hakuna. Hakusema uongo hata mmoja. Ndivyo walivyo hatari vijana wa siku hizi, wamegundua kwamba ukweli unafanya kazi upesi kuliko uongo.

Nikamwambia Jumamosi nitasema Juu. Akaniomba nisimwambie mtu. Hakuhitaji kuniomba.

Kesho yake Nakijwa alikuja na bakuli la makande. Hakutaja dola yoyote. Alisimulia tu kwamba Senkondo sasa anaweza kutembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, kisha anarudi, maana upande wa pili wa mlango hakuna anayemjua. Anasubiri Jumapili. Hesabu zake zote za juma, alisema, ni siku ngapi zimebaki kufika Jumapili. Nikatafuna makande kama natafuna mawe.

Alipoinuka kuondoka alinishika bega. "Usinionee haya, wifi yangu," akasema. "Sema lile litakalokuja moyoni. Mimi nimeshamwachia Mungu."

Yako maneno ya kumuua mtu bila kumgusa, na wifi yangu anayo ghala zima.

*

Jumamosi nilitoka nyumbani kabla ya mapambazuko ili nisikutane naye njiani. Nikajitengenezea chai kwenye kibanda cha zamu pale ndivani, nikakaa ukingoni na kulifanyia mazoezi neno langu. Juu. Ni neno fupi. Hata mtoto analiweza.

Saa tatu na nusu watu walikuwa wamejaa kwenye tuta. Mwenyekiti wa kijiji, Mbonea, alikuwa na pembe lake shingoni kama kawaida. Nakijwa nilimwona nyuma kabisa, akihema kama aliyekimbia. Ndiva yenyewe ilikuwa imepungua maji, na tope la masika limejaa mpaka nusu, maana wiki hiyo nzima wote tulikuwa tunashughulikia dunia tukaisahau ndiva.

Hezroni alisimama kushoto na Bi Shufaa kulia. Kunguru na kobe wakasogea mbele yangu. Wakauliza kwa sauti moja, kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Mtunza zamu, maji haya unampa nani?"

Sasa unielewe. Swali hilo nimeulizwa kila mwaka kwa miaka thelathini na minne. Masika yakiisha watu wanakuja mlangoni kwangu mmoja mmoja, kila mtu na shamba lake na haraka yake. Mtunza zamu, maji unampa nani? Na kila mwaka jibu ni lile lile, kwa tajiri na kwa fukara, kwa mchungaji na kwa mlevi, mpaka nalijibu usingizini. Nilifungua kinywa niseme Juu. Kinywa, bila kuniuliza, kikasema:

"Msaragambo."

Msaragambo ni kazi ya wote. Neno hilo likitamkwa pale kwetu, kila mwenye miguu anachukua jembe anaingia kuzoa tope, ndipo maji yagawiwe. Hakuna anayelijadili. Ni kama kupiga chafya.

Mbonea, ambaye tangu ujana wake akilisikia neno hilo mkono wake unajiendea wenyewe, akapuliza pembe. Watu wakageuka na kukimbilia majumbani. Kwa muda wa kuhesabu mpaka mia, tuliobaki pale ni mimi, wale wawili wa mjini, kunguru na kobe.

"Neno hili halimo kwenye kamusi," yakasema Masikio. "Je, hilo ndilo jibu lako?"

Nilikuwa na nafasi ya kujirekebisha. Hezroni alikuwa ananitazama kwa macho yanayosema, bibi, tulikubaliana. Kinywani neno Juu lilikuwa bado lipo, limekaa vizuri, linasubiri. Ule moyo nilikuwa nausikia masikioni mwangu. Nikatazama njiani, nikamwona Nakijwa anarudi, wa kwanza kati ya wote, miaka sabini na mbili, jembe begani, gauni limefungwa juu ya magoti. Amekuja kuzoa tope la maji ambayo nilikuwa nimeshayatoa kwa watu ambao watamnyamazisha mwanawe. Nami ndiye niliyemwita.

Nilijua nikisema ndilo, mashine zitalitupa jibu langu kwa kuwa si Juu wala Chini, tarehe thelathini mnara utazimwa, na sitamsikia mjukuu wangu. Wala Nakijwa hatamsikia mwanawe. Lakini angalau sote wawili tutakuwa viziwi pamoja.

"Ndilo," nikasema.

"Tafadhali endeleeni," yakajibu, yakaanza kutazama.

*

Watu waliingia topeni. Kwetu wanawake wanapanga mstari wa kupokezana karai, wanaume wanakata tope, wazee tunatukana wavivu. Mimi niko kwenye kundi la kutukana. Kobe alizunguka ukingo mzima. Kunguru lilipita juu ya vichwa.

Baada ya muda likasema, "Hakuna aliyemtuma mtu badala yake." Kisha likageuka kwa Hezroni na Bi Shufaa. "Waombaji wa maji ambao hawamo topeni ni wawili."

Bi Shufaa hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alikaza kanga, akavua viatu, akaingia, na kwa jinsi alivyolishika jembe nilijua Mlalo hawakumlea kwenye zulia. Hezroni alisema ana simu muhimu ya kupiga. Wanawake wa mstarini wakamuuliza kama simu hiyo inanyonya, mbona hawezi kuiacha. Akaingia na zile ndala. Ya kushoto ilibaki humo, na kwa kadiri nijuavyo imo mpaka leo.

Kazi ikiwa katikati, Mbonea alifanya alichozoea kufanya kila mwaka. Alishuka kwenye mfereji kama anayekwenda kujisaidia, akaweka jiwe na majani kuziba njia ya jirani yake ili matone ya kwanza yaende shambani kwake. Kila mwaka tunamkamata. Watu wakamzomea, akatolewa kwa mkono, akaambiwa aliondoe lile jiwe mwenyewe na aombe radhi. Akaomba, tena vizuri, maana ana uzoefu.

Kobe alikaa karibu na lile jiwe muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Saa saba Masikio yakatoa maana. Nakumbuka yalivyoisema, kwa sababu majembe yote yalikuwa yamesimama. "Msaragambo. Wote wanaotaka maji wameitwa, wala hakuna aliyekataliwa. Wataingia wenyewe na kufanya kazi moja, kisha watapewa kwa zamu. Anayeziba njia ili kitu kisimfikie mwenziwe, ataliondoa zibo kwa mkono wake. Pande zote mbili za mashine zinakubaliana. Maji yametolewa kwa Juu na kwa Chini. Nyumba ya ghala itakuwa moja. Kitakachopita ndani yake hakitazibwa na upande wowote."

Bi Shufaa ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Akakaa papo hapo ndani ya ndiva, akaanza kucheka, akamwambia Hezroni, "Maneno, kaka. Kitakachopita si maji tu. Ni maneno."

Mimi nilichelewa. Ilibidi Nakijwa anieleze, na yeye alikuwa analia, kwa hiyo alinieleza vibaya. Kwamba simu ya Kwasenge itasikia Juu na itasikia Chini. Kwamba hakuna mahali pengine duniani penye nyumba ya namna hiyo, na sheria yao wenyewe imewafunga waijenge. Nikamkumbatia kwa nguvu, tukaanguka wote wawili topeni, na hilo ndilo bafu pekee nililowahi kulifurahia.

Mawakili wa dola zote mbili walipiga kelele siku mbili nzima. Wa Juu walimwagiza Hezroni akate rufaa, adai kwamba bibi alikosea. Hezroni mwenyewe alikuja kunisimulia baadaye alivyowajibu. Aliwaambia, mabosi, hawa ni Wapare. Mpare akidai kuku wake aliyepotea, anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Mkianza kesi nao, wajukuu zenu watairithi.

Rufaa haikukatwa. Nasikia sasa kuna vijiji arobaini vimeulizwa swali lile lile na vimejibu neno letu, vingine hata ndiva havina.

*

Nyumba ilijengwa kwa siku tisa. Ina milango miwili, kwa kuwa mafundi wa Juu hawataki kupita mlango wa Chini, lakini ukuta wa katikati hawakuweza kuuweka, sheria iliwakataza. Jumatatu na Alhamisi maji yanapoza upande wa Juu, Jumanne na Ijumaa upande wa Chini, siku nyingine ni tangawizi. Wakichelewa kufunga bomba nawazomea kama ninavyomzomea Mbonea.

Mtoto alizaliwa siku tatu kabla nyumba haijafunguliwa, mnara ukiwa umeshazimwa, kwa hiyo kwa siku tatu sikujua kama nina mjukuu au nina kaburi. Nilikuwa nazunguka uani kama kuku aliyefiwa na mayai. Jumapili ya kufunguliwa hatukwenda Jiwe la Simu. Tulikaa uani kwa Nakijwa, juu ya mkeka, simu tukaiweka kwenye kinu kilichogeuzwa.

Kilichotoka kwanza ni kilio. Kikali, cha hasira, cha mtu aliyetolewa mahali pazuri bila kuulizwa. Nikasema huyu ni wa kwetu. Nietiwe akacheka kwa uchovu akasema ni msichana, ana afya, na ana mdomo kama wangu. Kisha tukasikia sauti ya mwanamume, "Nietiwe? Ni wewe?" na ilikuwa Senkondo, kutoka upande wa pili wa dunia, ndani ya simu ile ile. Binamu hao walikuwa hawajasikiana kwa miaka kumi na miwili. Waliitana majina ya utotoni ambayo siwezi kuyaandika. Kitoto kikapiga kelele katikati, Senkondo akakiimbia vibaya, na mimi nikacheka mpaka nikajiona mwepesi kama pumba.

Ukiwa mwepesi namna hiyo unafanya ujinga. Nikaungama. Nilimwambia Nakijwa mbele ya wote kwamba neno la msaragambo lilinitoka kwa bahati mbaya, kwamba nilikuwa nimeahidi kusema Juu, na kwamba makande yake niliyala huku nikijua namuuza.

Nakijwa akajinyoosha mgongo. Akasema amenisamehe, maana yeye ni Mkristo. Akasema lakini imemuuma. Akasema binadamu tumetofautiana, wengine wameumbwa na moyo wa hila, wengine wameumbwa wanyofu tu, na yeye, hata angepewa dunia nzima na nyongeza, asingeweza kumfanyia wifi yake jambo kama hilo. Tangu leo, akasema, itapendeza nikimletea kuni.

Nikainamisha kichwa. Nilikuwa tayari kuzileta.

"Lakini, mama," akasema Senkondo, "Mama Nietiwe alitokaje?"

Nakijwa akakohoa. Akamwambia ampe shikamoo mjomba wake mchungaji, ambaye hayupo.

"Si uliniambia umemfungia mlango kwa nje?" Senkondo akaendelea, maana ni mtoto mwema na hana akili ya mambo hayo. "Jumamosi ile asubuhi, Bi Shufaa alipotuunganisha kwa mashine yake. Ulisema asipoonekana saa nne, anayejibu ni wewe msaidizi wake wa zamu, na utasema Chini. Mimi nikajua mambo yamekwisha."

Nilimgeukia wifi yangu. Sasa nilielewa kwa nini Jumamosi ile nilirudi nikakuta mlango umefungwa kwa kamba, na paka wangu ndani ana hasira za siku nzima.

Nakijwa hakunitazama. Aliinamia kinu, akaisogelea simu, akapaza sauti. "Haloo? Mwanangu? Haloo? Mtandao unakatika huku, sikusikii kabisa."

"Mtandao hauna tatizo lolote, Mama Senkondo," ikajibu nyumba kutoka ndani ya simu, kwa adabu, kwa sauti za pande zote mbili. "Anakusikia vizuri. Sote tunakusikia vizuri."